MAJI YAPIMWE KABLA HAYAJANUKA

Katika kazi zote za umma, hakuna iliyo ya lazima kupita kazi ya kuwapatia watu maji safi. Jambo hili kila mtu alikubali, wala halihitaji kuhubiriwa. Lakini yako maji ambayo wengi wetu huyatumia bila kuyafikiri, nayo ni maji ya chini ya ardhi. Mto ukichafuliwa, watu huona povu na samaki waliokufa wakielea. Kisima kikichafuliwa, hakuna aonaye. Maji hutoka meupe kama jana, ndoo hujaa kama kawaida, na mama wa nyumbani huinjika sufuria yake motoni pasipo wasiwasi wo wote.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya uchafu mmoja wa namna hiyo, utokanao na dawa zitiwazo katika petroli, na jinsi unavyoweza kugunduliwa mapema. Habari yenyewe ilitokea hasa Marekani, lakini funzo lake halina mpaka. Po pote palipo na kituo cha petroli pana tangi lililozikwa ardhini, na po pote palipo na tangi lililozikwa pana hatari ya kuvuja.

DAWA YA PETROLI NI KITU GANI?

Petroli itokayo kiwandani haiuzwi hivi hivi. Huchanganywa na dawa mbalimbali ili injini ifanye kazi vizuri, isigonge wala isitoe moshi mwingi. Dawa ya kwanza iliyoenea duniani ilikuwa ya risasi. Ilianza kuuzwa katika mji wa Dayton, Marekani, mwaka 1923, ikatumika karibu karne nzima, ingawa madhara ya risasi katika ubongo wa watoto yalikuwa yakijulikana. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli ya risasi ilipofika Januari 2006, na nchi ya mwisho duniani, yaani Algeria, iliacha mwaka 2021.

Viwanda vilipoanza kupunguza risasi, vilitafuta kitu kingine cha kushika nafasi yake. Nchini Marekani, tangu mwaka 1979, kilichopendwa zaidi ni dawa iitwayo kwa kifupi MTBE. Hutengenezwa kwa methanoli na gesi ya isobutilini, vitu ambavyo ni rahisi kupatikana kwa wenye viwanda vya mafuta. Kisha Sheria ya Hewa Safi, iliyorekebishwa mwaka 1990, ikaongeza haja yake. Sheria hiyo ilitaka petroli ya miji yenye hewa chafu iwe na oksijeni zaidi, ili iungue vyema na kupunguza hewa ya sumu itokayo katika magari. Haikuitaja MTBE kwa jina, ila wenye viwanda wengi waliichagua hiyo. Tangu mwaka 1995 petroli ya namna hiyo ilikuwa na MTBE kiasi cha sehemu 11 katika kila 100.

Basi nia ya sheria ilikuwa njema, yaani kusafisha hewa. Upungufu ulikuwa kwamba hewa ilipimwa kwa bidii, na maji yaliyo chini ya vituo hayakupimwa kwa bidii hiyo hiyo.

TABIA YAKE MAJINI

Mtu aweza kuuliza: Petroli imekuwa ikivuja tangu magari yalipoanza kuwapo, mbona dawa hii ilete fadhaa kuliko petroli yenyewe? Jibu li katika tabia zake tatu.

Kwanza, sehemu nyingi za petroli hazipatani na maji. Huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, zikakwama karibu na mahali zilipomwagika. MTBE hufanya kinyume. Huyeyuka majini kwa wepesi, mara nyingi zaidi ya benzini. Pili, haishikamani na udongo. Benzini husafiri kwa kuchelewachelewa, ikizuiliwa na chembe za udongo njiani. MTBE huenda karibu kwa mwendo ule ule wa maji yenyewe. Tatu, vijidudu vya udongoni ambavyo huila benzini na kuipunguza kidogo kidogo, huila MTBE kwa shida na polepole sana. Kwa hiyo petroli inapovuja, dawa hii ndiyo mara nyingi hutangulia mbele, na ndiyo hudumu baada ya nyingine kutoweka.

Tena kiasi kidogo chatosha kuharibu maji mengi. Watu wengi huanza kusikia harufu na ladha yake, mfano wa tapentaini, inapofika mikrogramu 20 mpaka 40 katika lita moja ya maji. Wengine husikia hata chini ya hapo. Na tufanye hesabu. Lita moja ya petroli yenye MTBE sehemu 11 katika 100 ina gramu kama 80 za dawa hiyo. Gramu 80 zikienea majini kwa kiasi cha mikrogramu 20 kwa kila lita, zitaharibu lita milioni 4. Hayo ni maji ya malori 400, kila lori limebeba lita 10,000. Na hiyo ni lita moja tu ya petroli, kiasi ambacho tangi bovu laweza kukipoteza usiku mmoja pasipo mtu kujua.

Kuhusu afya, tuseme yaliyo kweli bila kutia chumvi. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema kwamba ushahidi uliokuwapo haukutosha kuiweka MTBE katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya Marekani ilitoa shauri mwaka 1997 kwamba maji yasizidi mikrogramu 20 mpaka 40 kwa lita, kwa ajili ya harufu na ladha. Jimbo la California lilikaza zaidi, likaweka kikomo cha 13 kwa ajili ya afya, na 5 kwa ajili ya ladha. Lakini maji yasiyonyweka kwa harufu ni maji yaliyopotea, hata kama hakuna aliyelazwa hospitali. Tena petroli iliyovuja haisafiri na dawa hii peke yake. Nyuma yake yaweza kuja benzini, ambayo ni sumu ya saratani pasipo shaka. Aonaye MTBE kisimani ameona mjumbe. Na asiyemsikiliza mjumbe asishangae wageni wakibisha hodi.

WALIOPIMA NA WALIOCHELEWA

Mji wa Santa Monica uko kando ya Bahari ya Pasifiki, katika jimbo la California. Wakati wa mambo haya ulikuwa na wakazi kama 87,000, na karibu nusu ya maji yao yalitoka katika visima vya mahali paitwapo Charnock. Mwezi wa Agosti 1995 mafundi wa mji, katika kupima kwao kwa kawaida, walikuta MTBE katika maji ya visima hivyo. Hawakulifumbia macho jambo hilo, bali walizidi kupima. Kipimo kilipanda mwezi hata mwezi, na mwaka 1996 kisima kimoja kilionyesha zaidi ya mikrogramu 600 kwa lita. Ilipofika Juni 1996 visima vyote vitano vya mji huko Charnock vilikuwa vimefungwa. Mji ukalazimika kununua maji mengi yaletwayo kutoka mbali.

Mji ulidai haki yake kwa makampuni ya mafuta, na mapatano makubwa yalifikiwa mwaka 2003. Hata hivyo mtambo wa kusafisha maji ya Charnock ulianza kazi mwishoni mwa mwaka 2010 tu. Yaani visima vilivyofungwa vilichukua zaidi ya miaka 14 kurudi kazini. Na huo ni mji uliopima mapema, wenye fedha na mawakili! Fikiri hali ya kijiji kisicho na kimoja katika hivyo.

Mahali pengine watu hawakubahatika kuwa na mpimaji. Huko East Patchogue, katika kisiwa cha Long Island karibu na New York, petroli ilivuja katika kituo kimoja, na uchafu wake ukasafiri chini ya ardhi. Haukugunduliwa kituoni. Uligunduliwa katika kisima cha nyumba ya mtu, mbali zaidi ya kilomita moja. Mtu huyo hakuwa na sababu ya kukishuku kituo cha petroli kilicho mbali namna ile.

Wataalamu walipochimba visima vya kuufuata uchafu huo, waliona jambo jingine la kukumbukwa. Uchafu haukwenda sawasawa juu ya maji. Mvua safi iliyopenya ardhini ilikuwa ikiukandamiza, ukazidi kwenda chini kadiri ulivyosonga mbele. Mpimaji ambaye angechota maji ya juu tu, angaliandika katika daftari lake kwamba maji ni safi, huku uchafu ukipita chini ya miguu yake.

Serikali yenyewe nayo ilipima. Mwaka 1993 na 1994 wataalamu wa Idara ya Jiolojia ya Marekani walipima visima na chemchemi 210 katika miji kadha wa kadha, wakitafuta vitu 60 vya kemikali. MTBE ilionekana katika visima na chemchemi 27 kwa kila 100, ikawa ya pili kwa kuonekana mara nyingi katika vitu vyote 60. Habari hizo zilitangazwa. Jambo lililodhaniwa kuwa bahati mbaya ya kituo kimoja au viwili likatambulikana kuwa jambo la taifa.

Ndipo mambo yakabadilika. Mwezi wa Machi 1999 Gavana Gray Davis wa California aliamuru MTBE iondolewe katika petroli ya jimbo lake, na mwisho wa mwaka 2003 ikawa mwisho wake huko. Mwaka 2005 serikali ya Marekani ilifuta sharti la oksijeni katika petroli, na mwaka uliofuata wenye viwanda wakaiacha karibu nchi nzima. Ushahidi wa upimaji ndio uliotia nguvu hoja za wananchi. Pasipo tarakimu, malalamiko yao yangeliitwa uvumi.

JINSI MAJI YANAVYOPIMWA

Upimaji wa maji ya chini ya ardhi ni kazi ya ufundi, lakini si siri. Yafaa kila diwani, kila kiongozi wa wafanyakazi na kila mwanakijiji ajue misingi yake, ili asidanganywe.

Msingi wa kwanza ni kujua maji yanaelekea wapi. Maji ya ardhini hutembea, ijapokuwa polepole. Huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi, visivyopungua vitatu, kwa mfano wa pembe tatu. Kimo cha maji hupimwa katika kila kimoja, na kwa kulinganisha vimo hivyo mwelekeo hujulikana. Bila hivyo mtu aweza kuchimba kisima cha ulinzi upande wa nyuma wa tangi, akaketi akijisifu kwamba hakuna uchafu.

Msingi wa pili ni mahali na kina. Kisima kimoja huwekwa upande yatokako maji, kiwe cha kulinganisha. Vingine huwekwa kati ya tangi na visima vya watu, na vichote maji katika vina mbalimbali, kwa sababu ile tuliyoiona East Patchogue.

Msingi wa tatu ni uangalifu wa kuchota. Maji yaliyolala kisimani hutolewa kwanza, kwa desturi mara tatu ya ujazo wake, ili yaje maji mapya ya ardhi. Chupa ndogo ya mililita 40 hujazwa hadi ukingoni, pasibaki hata kipovu cha hewa, maana dawa hii huruka upesi. Huwekwa katika barafu na kupelekwa maabara kabla ya siku 14 kupita. Pamoja nayo husafiri chupa nyingine ya maji safi yanayojulikana. Hiyo ikionekana na petroli, basi uchafu umetoka garini au mikononi mwa mpimaji, wala si kisimani.

Msingi wa nne ni kuuliza kwa jina. Maabara hujibu swali iliyoulizwa. Kwa miaka mingi mashine zilitafuta benzini na wenzake tu, na MTBE haikutafutwa kwa kuwa haikuagizwa. Atakayeandika hati ya kupima aitaje kila dawa iliyo katika petroli iuzwayo mahali pale, pamoja na zile ambazo hutokea dawa hiyo inapovunjika.

Msingi wa tano ni kurudia. Kipimo kimoja ni kama picha moja ya mtu anayekimbia, hakionyeshi aendako. Vipimo vya kila miezi mitatu, vikiandikwa katika daftari moja kwa miaka, ndivyo vionyeshavyo kama hatari yaja au yaondoka.

MLINZI WA KWANZA NI MFANYAKAZI

Lakini kabla ya kisima kuna tangi, na kabla ya mtaalamu kuna mfanyakazi. Mtu atiaye kijiti cha kupimia katika tangi kila asubuhi, akalinganisha na petroli iliyouzwa na iliyoletwa, ndiye mlinzi wa kwanza wa maji ya jirani zake. Tarakimu zake zikipungua siku baada ya siku, hiyo ni habari kubwa. Meneja anayemwambia asawazishe hesabu ili mambo yaonekane mazuri, anamwambia afiche uchafu wa maji ya watoto wa mtaa mzima.

Hata hivyo kijiti peke yake hakitoshi. Kanuni za Marekani huruhusu tofauti ya hesabu kwa mwezi isiyozidi sehemu 1 katika 100 ya petroli iliyopita tangini, pamoja na galoni 130, yaani lita kama 490. Kituo kinachouza lita 100,000 kwa mwezi chaweza basi kupotewa na karibu lita 1,500 na bado kuhesabiwa kuwa salama. Msomaji akumbuke hesabu yetu ya lita moja. Ndiyo maana matangi yafaa kuwa na kuta mbili, na chombo kati ya kuta hizo cha kutoa taarifa. Na ndiyo maana visima vya uchunguzi havifanywi kazi na kijiti, wala kijiti hakifanywi kazi na visima. Vyote viwili vyahitajika. Tangu mwaka 1984 Marekani imethibitisha mivujo zaidi ya 500,000 ya matangi yaliyozikwa. Nchi yenye sheria na mafundi wengi hivyo haikuweza kuepuka. Hatuwezi kudhani kwamba chuma cha kwetu hakishiki kutu.

NANI ALIPE?

Husemwa kwamba upimaji ni ghali. Ni kweli, lakini swali ni nani alipe. Huko South Lake Tahoe, California, shirika la maji la umma lilifunga visima zaidi ya 10 kati ya 34 vilivyokuwa vyake. Likaenda mahakamani, na mwaka 2002 makampuni yalitoa jumla ya dola milioni 69. Jimbo dogo la New Hampshire lilishitaki mwaka 2003, na mwaka 2013 baraza la mahakama lilikadiria hasara kuwa zaidi ya dola milioni 800, na kampuni ya ExxonMobil ikaamriwa kulipa fungu lake la dola milioni 236. Sehemu ya makadirio hayo ilikuwa kwa ajili ya kupima visima vya wananchi. Hukumu hiyo ina maana kubwa. Mahakama ilikubali kwamba kazi ya kutafuta uchafu ni sehemu ya hasara, na kwamba yamhusu aliyepata faida, wala si mwenye kisima peke yake.

Nasi je? Afrika Mashariki petroli huja kwa meli, nyingi yake kutoka viwanda vya Ghuba na India. MTBE ingali yatengenezwa kwa wingi Asia na Mashariki ya Kati, nayo yatiwa katika petroli ya nchi nyingi. Kwa hiyo ni haki ya umma kuuliza juu ya kila shehena: Imechanganywa na nini, na kwa kiasi gani? Ni haki pia kuuliza kama maabara zetu zaitafuta kwa jina. Katika Dar es Salaam na miji mingine, nyumba nyingi hutegemea visima vilivyochimbwa, na vituo vya petroli vyaongezeka katika mitaa hiyo hiyo. Kituo na kisima vikiwa majirani, lazima pawepo mtu wa tatu kati yao, naye ni mpimaji.

Wala tusifikiri kwamba kuibadili dawa moja kwa nyingine ndiyo dawa ya maradhi haya. Ethanoli, ambayo Marekani waliiweka mahali pa MTBE, huliwa upesi na vijidudu vya udongoni. Ni sifa njema, lakini katika kuila humaliza oksijeni iliyo ardhini, na hivyo benzini huachwa isafiri mbali zaidi. Kila dawa mpya ina tabia yake, na kila tabia yataka upimaji wake.

Twapendekeza basi mambo machache yasiyohitaji miujiza. Kibali cha kituo kipya kisitolewe kabla ya mwelekeo wa maji ya ardhini kupimwa na visima vya uchunguzi kuchimbwa kwa gharama ya mwenye kituo. Vituo vya zamani vipewe muda, kisha navyo vitimize sharti hilo. Matokeo ya vipimo yabandikwe mahali pa wazi, kwa lugha isomwayo na watu, wala yasifungiwe katika makabati ya ofisi. Vyama vya wafanyakazi vimlinde mtumishi atoaye taarifa ya tangi linalovuja, asifukuzwe kazi kwa ajili ya kusema kweli. Na kila kisima cha umma kiwe na daftari lake, lenye tarehe, tarakimu na jina la aliyepima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo juu ya fedha na bidhaa. Maji nayo ni mali, tena ya watu wote, na daftari lake bado halijafunguliwa katika mitaa mingi. Lifunguliwe sasa, wakati ambapo maji hayo bado hayana harufu.